Umechanjwa mafua makali na sasa hujisikii vizuri: mwongozo kamili wa kufuata saa kwa saa

Asubuhi ulichomwa sindano ya kukinga mafua makali (influenza) ukiwa mzima. Jioni bega linauma, kichwa kizito, mwili una baridi ya ndani kwa ndani. Jirani mmoja atasema chanjo ndiyo imekupa mafua. Mwingine, pengine hata mhudumu wa afya mwenye haraka zake, atasema ni woga wako tu. Usimfuate yeyote kati yao. Kitakachokuonyesha umepatwa na nini ni saa: dalili ilianza muda gani baada ya sindano, iko sehemu gani ya mwili, na je, inapungua au inazidi. Karibu kila uamuzi utakaoufanya hapa chini unategemea maswali hayo matatu, ndiyo maana nimeupanga mwongozo huu kwa muda badala ya kuupanga kwa majina ya magonjwa.

Tahadhari moja kabla hatujaendelea. Kama unasoma haya huku midomo au ulimi unavimba, kifua kimebana, unapumua kwa shida au unahisi unazimia, acha kusoma. Ita msaada wa dharura sasa hivi, na usijipeleke hospitali ukiendesha gari mwenyewe.

Hatua ya kwanza: andika kabla ya kumeza chochote

Chukua karatasi au simu uandike saa uliyochanjwa, mkono uliochomwa, jina la chanjo na namba ya toleo iliyo kwenye kadi yako, halafu dalili ya kwanza ilikuwa ipi na ilianza saa ngapi. Pima joto la mwili kwa kipimajoto, uandike namba pamoja na saa. Ukipima kwapani, kumbuka kwamba kwapa kwa kawaida husoma chini kidogo kuliko mdomoni. Andika pia kama siku hiyo hiyo ulichanjwa chanjo nyingine, na kama kuna mtu wa karibu anayekohoa au mwenye homa.

Watu wengi huruka hatua hii kwa kuiona ya kiofisi mno. Lakini ukifika kwa daktari siku ya nne useme tu "tangu ile sindano sijisikii vizuri", hana pa kuanzia. Ukimwambia maumivu yalianza saa nane baada ya sindano na homa ikaingia siku ya tatu, tayari umemfanyia nusu ya kazi.

Elewa kinachoendelea mwilini

Chanjo nyingi za mafua makali zinazotolewa kwa sindano zina virusi vilivyouawa, au vipande vya ganda lao la juu tu. Nyingine hazikutumia kirusi kabisa: zina protini yake iliyotengenezwa maabara. Hakuna kati ya hizi inayoweza kukuambukiza mafua, kwa sababu ndani yake hakuna kirusi chenye uwezo wa kuzaliana.

Kwa nini basi mwili unauma? La mgambo likilia kuna jambo, na seli za kinga zikikutana na protini ngeni kwenye msuli wa bega hufanya vivyo hivyo: zinatoa kemikali za kuitana. Kemikali hizo hutanua mishipa midogo ya damu, na hapo ndipo wekundu, joto na uvimbe wa mkono vinapotoka. Zikisambaa hufika kwenye sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, nawe unapata homa ndogo, uchovu, kichwa na misuli kuuma, pengine na kichefuchefu. Kwa kawaida haya huanza ndani ya saa 6 hadi 12 na kuisha ndani ya siku moja au mbili.

Kuna jambo ambalo watetezi wa chanjo hulisema kwa kujigamba na wapinzani wake hawalipendi, nami nadhani linahitaji kusemwa kwa utulivu. Katika majaribio ambayo watu wazima walichomwa ama chanjo ya virusi vilivyouawa ama maji ya chumvi bila kujua wamepewa kipi, kilichojitokeza zaidi kwa waliochanjwa ni mkono kuuma na wekundu. Homa, mwili kuuma, kikohozi na maumivu ya koo viliwapata watu wa makundi yote mawili kwa kiasi kinacholingana. Hii haina maana kwamba homa yako ni ya kubuni. Ina maana kwamba katika wiki yoyote ile watu wengi huugua kidogo kwa sababu zao wenyewe, na waliochanjwa wiki hiyo wamo miongoni mwao. Kwa hiyo mkono ukiuma, sababu ni sindano bila shaka. Kwa dalili nyingine, weka nafasi ya maelezo mengine.

Na kama hukupata maudhi yoyote, usidhani chanjo imekosa nguvu. Ukubwa wa maudhi si kipimo cha kinga.

Chanjo ya kupulizwa puani ni habari tofauti kidogo. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa na kuzoeshwa baridi: vinaweza kuzaliana puani ambako kuna ubaridi, lakini joto la mapafu huvishinda. Ndiyo maana mtu aliyepuliziwa anaweza kutokwa na makamasi, koo kuwasha au kichwa kuuma, na mtoto akapata homa kidogo. Wajawazito na watu wenye kinga dhaifu hawapewi aina hii.

Dakika 15 za mwanzo: kaa hapo hapo

Usiondoke kituoni mara tu baada ya kuchomwa. Kuna mambo mawili yanayoweza kutokea wakati huu, nayo huchanganywa sana: kuzimia na mshtuko wa mzio.

Kuzimia ndiko kunakotokea mara nyingi zaidi, hasa kwa vijana wanaobalehe. Mtu huanza kuona giza, masikio yanavuma, uso unapauka, jasho baridi linatoka, mapigo ya moyo yanakwenda polepole, kisha anaanguka. Mara nyingi huwa ni ndani ya dakika chache tu baada ya sindano, na hatari kubwa ni kichwa kugonga sakafu. Mlaze chali, nyanyua miguu yake, legeza nguo za shingoni. Akilala, damu hurudi kichwani naye hupata fahamu upesi. Ngozi yake haina vipele, na kifua hakitoi mlio.

Mshtuko wa mzio ni nadra mno: kwa chanjo zote kwa jumla, hutokea takribani mara moja katika kila dozi milioni moja. Lakini unaua usiposhughulikiwa. Dalili zake ni mabaka yaliyoinuka na kuwasha mwilini, midomo, kope au ulimi kuvimba, sauti kukauka, kifua kutoa mlio kama filimbi, kutapika au tumbo kukata ghafla, na mapigo ya moyo yanayokwenda mbio lakini dhaifu. Hata akilala, hali yake haitengemai. Kwa kawaida huanza ndani ya nusu saa, ingawa mara chache huchelewa hadi saa chache.

Dawa yake ni adrenalini, na huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Vidonge vya kuzuia mwasho si mbadala wake: huondoa mwasho na mabaka, lakini havifungui njia ya hewa wala havipandishi shinikizo la damu kwa haraka inayotakiwa. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiwa juu. Kama hawezi kupumua akilala, aketi miguu ikiwa imenyooshwa. Mjamzito alazwe ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala kutembezwa, hata akisema ameanza kupata nafuu, kwani shinikizo la damu linaweza kuporomoka ghafla. Na hata baada ya adrenalini kufanya kazi, abaki chini ya uangalizi wa hospitali kwa saa kadhaa, maana dalili zinaweza kurudi.

Kama una historia ya kuzimia ukiona sindano, mwambie muuguzi mapema na uombe kuchomwa ukiwa umelala. Hakuna aibu yoyote hapo.

Jioni ya kwanza hadi saa 48: kujitunza nyumbani

Hapa ndipo wasomaji wengi walipo, na habari njema ni kwamba kazi yenyewe ni ndogo.

Anza na mkono. Weka kitambaa safi kilicholowekwa maji baridi mahali palipochomwa, kwa dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku. Endelea kuutumia mkono huo kwa kazi nyepesi. Ukiuning'iniza bila kuutumia, msuli hukakamaa. Usiukande kwa nguvu wala kupaka marhamu ya moto, spiriti au majani. Ngozi ina tundu dogo bado, na kila unachopaka ni nafasi ya kuingiza vijidudu. Usiku lalia upande mwingine. Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, bonyeza mahali hapo bila kusugua kwa dakika 2 au zaidi mara baada ya sindano, na usishangae ukiona alama ya bluu kesho yake.

Kisha homa na maumivu. Homa ndogo isiyokusumbua haihitaji dawa. Ikikunyima usingizi, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli miligramu 500 hadi 1,000, akiacha saa 4 hadi 6 kati ya dozi, bila kuvuka miligramu 4,000 ndani ya saa 24. Mwenye uzito mdogo, ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe nyingi atumie kiasi kidogo zaidi, na aulize kwanza. Mtego ulipo ni huu: dawa nyingi za mafua za mchanganyiko tayari zina parasetamoli ndani. Ukimeza vidonge viwili vya homa kisha ukajiongezea dawa ya mafua, umepitisha kipimo bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Soma kilichoandikwa kwenye pakiti, upande ule wenye maandishi madogo ambao hakuna anayeusoma.

Ibuprofeni nayo husaidia, lakini iepuke kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Aspirini isipewe mtoto aliye chini ya miaka 16, kwa sababu imehusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoathiri ubongo na ini. Dawa za antibayotiki hazina kazi hapa, hata kama umebakiza chache kabatini. Wala usimeze dawa ya maumivu kabla ya kuchanjwa kwa kujihami. Wataalamu hawapendekezi hivyo. Subiri dalili ije ndipo uitibu.

Kunywa vya kutosha, kula unachoweza, lala mapema. Mazoezi mepesi hayana tatizo. Mengine yote ni kusubiri.

Makundi machache yanahitaji jicho la ziada:

- Mjamzito. Chanjo ya sindano inapendekezwa katika kipindi chochote cha ujauzito. Homa ikifika 38°C, ishushwe kwa parasetamoli isiachwe iendelee, na ikidumu zaidi ya siku moja, apimwe.
- Mwenye kisukari. Mwili ukiwa na homa, sukari inaweza kupanda. Pima mara nyingi zaidi kwa siku mbili hizo.
- Mzee. Katika baadhi ya nchi, waliofikisha miaka 65 mara nyingi hupewa chanjo yenye nguvu zaidi. Aina moja ina mikrogramu 60 za protini kwa kila aina ya kirusi badala ya 15 za kawaida, nyingine ina kiungo cha kuamsha kinga. Mkono kuuma na uchovu huwa vingi zaidi kwa chanjo hizi. Lakini mzee akichanganyikiwa, akianguka au akiacha kunywa maji, usiseme "ni chanjo". Apelekwe kuonwa.
- Mtoto. Hili linahitaji aya zake.

Chanjo ya mafua makali huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi 6. Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito, si kwa umri wala kwa kukisia: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara 4 kwa saa 24. Tumia bomba au kijiko cha kipimo kilichokuja na chupa, kwa sababu vijiko vya jikoni havilingani. Usimwogeshe maji ya baridi kali. Akitetemeka, mwili wake hutengeneza joto zaidi.

Homa ya kupanda haraka inaweza kuleta degedege kwa watoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, iwe homa hiyo imetokana na chanjo, mafua au sikio. Ikitokea, mlaze ubavu mahali pasipo na vitu vya kumwumiza, tazama saa, na usimtie chochote mdomoni: si kijiko, si kidole, si dawa. Ikizidi dakika 5, au akishindwa kupumua vizuri, ita dharura. Hata ikikoma yenyewe, degedege la mara ya kwanza lazima lionwe na daktari siku hiyo hiyo. Linatisha kuliko kitu kingine chochote katika mwongozo huu, lakini degedege fupi la homa kwa kawaida halimwachii mtoto madhara ya kudumu.

Katika nchi nyingi, mtoto mdogo anayechanjwa mafua makali kwa mara ya kwanza hupewa dozi mbili zilizopishana wiki 4. Homa ndogo baada ya dozi ya kwanza si sababu ya kuikosa ya pili.

Je, inawezekana ni mafua makali yenyewe?

Inawezekana kabisa, na hapa ndipo kosa la gharama hufanyika. Kinga huchukua takribani wiki 2 kujengeka baada ya sindano. Kirusi cha mafua makali huchukua siku 1 hadi 4 tangu kiingie mwilini hadi dalili zitokee. Chanjo nyingi hutolewa msimu mafua yanapoanza kusambaa, mara nyingi kwenye vyumba vya kusubiria vyenye watu wanaokohoa. Kwa hiyo mtu anaweza kuambukizwa jana, akachanjwa leo, akalala kitandani keshokutwa, na lawama zote zikaiangukia sindano. Zaidi ya hapo, hata baada ya wiki 2 kinga si kamili: katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kwenda kwa daktari kwa mafua makali kwa takribani asilimia 40 hadi 60. Na mafua ya kawaida haiyazuii hata kidogo, kwa kuwa ni ya virusi vingine.

Utatofautishaje? Tazama pua, koo na kifua. Sindano haileti kikohozi kinachozidi siku hadi siku, wala makamasi, wala koo la kuwaka. Ukiwa na hivyo, hasa pamoja na homa ya 38°C au zaidi inayoendelea baada ya saa 48, chukulia kwamba una maambukizi hadi vipimo viseme vingine. Kuna hali moja ya nadra iliyo tofauti: mwaka 2000 nchini Kanada, baadhi ya waliochanjwa walipata macho mekundu, kikohozi, kifua kubana au uso kuvimba ndani ya saa 24, na hali hiyo ikawaisha ndani ya saa 48. Ikikupata, muone daktari ili ahakikishe si mzio.

Kwa nini nasema kosa hili ni la gharama? Dawa za kupambana na kirusi cha mafua makali, kama oseltamivir, hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze. Mtu mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, ujauzito au umri mkubwa anayekaa siku tatu akijiambia "ni chanjo tu itaisha" amezipoteza saa hizo. Vivyo hivyo kwa malaria: ukiishi eneo lenye malaria, au umetoka huko karibuni, homa yoyote ipimwe damu. Ile kadi ya chanjo mfukoni haizuii mbu.

Siku ya 3 na kuendelea: dalili ambazo hazikupaswa kuwepo

Kufikia hapa unapaswa kuwa umerudi katika hali yako. Kama sivyo, tafuta mojawapo ya haya.

*Wekundu unaotanuka.* Chora kwa kalamu mpaka wa wekundu kwenye ngozi, uandike saa pembeni. Ukivuka mpaka baada ya siku ya pili, pakizidi kuwa pa moto, ukiona usaha au homa ikirudi, huenda ni maambukizi ya bakteria nayo yanahitaji tiba.

*Bega lisilonyanyuka.* Maumivu ya kawaida yako kwenye nyama ya mkono na hupungua kila siku. Yakianza ndani ya saa 48 kisha yakabaki ndani ya kiungo, huwezi kuchana nywele wala kuvaa shati, na wiki zinapita, pengine sindano ilichomwa juu mno ikafika kwenye kiungo au kifuko cha majimaji cha bega. Mahali sahihi ni katikati ya msuli, upana wa vidole viwili hadi vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega. Usikubali kuambiwa "vumilia" miezi mitatu. Omba bega lipimwe, ikibidi kwa picha ya mawimbi ya sauti. Tiba huwa ni dawa za kupunguza uvimbe, mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu, na wakati mwingine sindano ya dawa ya steroidi. Ukichelewa, bega linaweza kuganda.

*Tezi za kwapani kuvimba,* upande uliochomwa, hutokea wakati mwingine na kuisha zenyewe ndani ya wiki chache. Kama una miadi ya picha ya matiti, waambie ulichanjwa lini na mkono upi. Uvimbe usiopungua baada ya wiki kadhaa uchunguzwe.

*Ganzi na miguu kuishiwa nguvu.* Hii ndiyo nadra inayopaswa kujulikana na kila mtu. Mwaka 1976 Marekani ilichanja zaidi ya watu milioni 40 dhidi ya mafua ya nguruwe, na ikaonekana kwamba takribani mtu mmoja wa ziada katika kila laki moja alipata ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga hushambulia neva. Chanjo za msimu zinazotumika sasa zimefuatiliwa sana kwa sababu hiyo. Pale ongezeko linapoonekana, ni la mtu mmoja au wawili kwa kila dozi milioni moja. Mafua makali yenyewe yanaweza kuleta ugonjwa huo huo, tena kwa uwezekano mkubwa zaidi. Dalili huanza kwa mchonyoto au ganzi miguuni pande zote mbili, kisha udhaifu unapanda: ngazi zinakushinda, mikono inalegea, uso unapooza, kumeza kunakuwa kazi. Ikikupata ndani ya wiki 6 baada ya chanjo, au wakati mwingine wowote, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuna tiba, na misuli ya kupumua inahitaji kuangaliwa.

Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, upande mmoja wa mwili kupooza, kichwa kuuma ghafla kuliko ulivyowahi kuhisi: hizo ni dharura kwa yeyote, awe amechanjwa au hakuchanjwa. Usipoteze dakika ukitafuta uhusiano wake na sindano.

Namna ya kulieleza tatizo na kuliripoti

Ukienda kwa mhudumu, anza na muda, si na hitimisho. "Nilichanjwa Jumatatu saa nne asubuhi, mkono wa kushoto. Saa mbili usiku homa 38.2. Jumatano homa iliisha. Ijumaa imerudi, na sasa nakohoa." Sentensi kama hizo hazimpi mtu nafasi ya kukupuuza wala ya kukimbilia jibu.

Shirika la Afya Duniani hugawa matukio ya baada ya chanjo katika mafungu matano: yanayotokana na chanjo yenyewe, yanayotokana na dosari ya ubora wake, makosa ya uchomaji, msongo na hofu ya sindano, na yaliyosadifiana tu kwa wakati. Napenda mgawanyo huu kwa sababu hofu imewekwa kama sababu halali. Aliyezimia au kufa ganzi vidole kwa kupumua haraka haigizi. Mwili wake umefanya hivyo kweli.

Kuripoti hakuhitaji uthibitisho kwamba chanjo ndiyo chanzo, shaka inatosha. Uingereza ina mfumo wa Yellow Card tangu 1964, Marekani ina VAERS tangu 1990, na nchi nyingi nyingine hupokea taarifa kupitia mamlaka ya dawa au kituo chochote cha afya. Taarifa kutoka mataifa mengi hukusanywa Uppsala, Sweden. Ripoti hizi si karatasi za kutupwa. Mwaka 2010 nchini Australia, taarifa za watoto wadogo kupata degedege ziliongezeka baada ya chanjo ya kampuni moja, na uchanjaji wa mafua kwa watoto walio chini ya miaka 5 ukasitishwa hadi uchunguzi ulipobaini ni chanjo ipi.

Kuhusu dozi ya mwaka ujao

Aliyepata mshtuko wa mzio baada ya chanjo ya mafua makali asichanjwe tena kabla ya kuonana na mtaalamu wa mzio. Aliyepata Guillain-Barré ndani ya wiki 6 baada ya chanjo ya nyuma azungumze na daktari wake wapime faida na hatari. Mzio wa mayai, uliokuwa kikwazo kwa miaka mingi, si kikwazo tena kwa mujibu wa mwongozo wa Marekani wa tangu msimu wa 2023: mtu huchanjwa kama wengine, mahali penye uwezo wa kutibu mzio.

Kwa waliobaki, yaani walioumwa mkono na kulala na homa usiku mmoja, mwaka mmoja hautabiri mwingine. Virusi vya kuwekwa ndani ya chanjo hupitiwa upya na Shirika la Afya Duniani mara mbili kwa mwaka, Februari kwa nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ya kusini, hivyo unachochomwa mwakani huenda si hiki cha leo. Chagua siku isiyo na mtihani wala safari kesho yake, na mkono usioutumia sana. Kama siku hiyo tayari una homa kali, ahirisha hadi upone. Vaa nguo ambayo mkono wake unapanda hadi begani bila kubana, maana sindano nyingi zinazochomwa vibaya huanza na muuguzi asiyeliona bega vizuri. Na ile karatasi uliyoandika saa na dalili, nenda nayo.